Wageni wa Mabegi Majumbani Mwetu: Bi Mshauri Awajibu Wasomaji

Barua za safari hii zimenijia za namna moja, kana kwamba waandishi wake walikaa baraza moja wakapokezana kalamu. Zote zinahusu makundi ya wasafiri, wa ndani na wa nje ya nchi, wanaotembea na mabegi mgongoni chini ya kiongozi mmoja, ambao hawazitaki hoteli za ufukweni na badala yake huomba kulala katika nyumba za watu huko mashamba, Unguja na Pemba. Nimechagua barua nne. Ya pili nimeijibu kwa urefu kuliko nyenginezo kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitamka mbele ya mgeni, nalo ni fedha.

Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Wakati wa likizo nitakwenda Pemba kwa wiki moja pamoja na kundi la vijana 12. Tutalala Wete, kisha katika kijiji kilicho karibu na msitu wa Ngezi, wawili wawili katika nyumba za wenyeji. Sijawahi kufika visiwani, tena mimi ni Mkristo, na ninaogopa nisije nikamkosea adabu mama wa nyumba bila kujua. Nivae nini, nibebe nini, na je, inafaa kumpa mama huyo fedha mkononi siku ya kuondoka?
Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Dini yako haitamsumbua mtu. Watu wa Pemba walio wengi ni Waislamu na siku yao imepangwa kwa sala tano, lakini mgeni haulizwi anasali wapi. Huulizwa kama ameshakula. Yanayotakiwa kwako ni mambo madogo: ushushe sauti adhana inapotolewa, usikatize mbele ya mtu anayesali, na kama safari yenu itaangukia mwezi wa Ramadhani, usile wala usinywe njiani mchana, hata kama mama wa nyumba atakuwekea chakula chako chumbani, jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kwa huruma zao.

Kuhusu mavazi, chukua magauni au sketi ndefu, blauzi zenye mikono, na doti moja ya kanga, ambayo nakuhakikishia itakufaa kuliko kitu chengine chochote utakachotia katika begi. Kipande kimoja utajifunga unapotoka chumbani kwenda kuoga, cha pili utajitanda unapopita mbele ya wazee au msikiti, na usiku utajifunika. Suruali ya kutembelea msituni haina ubaya maadamu juu yake kuna vazi refu. Begi lenyewe liwe lile unaloweza kulibeba nusu saa bila kusaidiwa, kwani daladala itakushusha barabarani na nyumba iko ndani, baada ya kilima kimoja au viwili, maana Pemba ni kisiwa cha kupanda na kushuka zaidi kuliko Unguja. Mvua yake pia ni nyingi zaidi, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa njia za mashamba huteleza kiasi cha kumwangusha hata mwenyeji. Mkienda katika miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Juni, bahari huchafuka. Usipande feri tumbo likiwa limejaa, na tia tangawizi mfukoni.

Ukifika nyumbani, piga hodi na uvue viatu mlangoni, hata kama umeshalala hapo siku mbili. Wanaume wa kundi lenu watawekwa barazani au ukumbini. Wewe kwa kuwa ni mwanamke utakaribishwa uani penye jiko, na huko ndiko utakakoijua nyumba, basi usikimbilie kurudi chumbani kuchezea simu. Chukua mbuzi ukune nazi. Watavicheka vidole vyako, nawe utacheka, na mazungumzo yatakuwa yameanza. Simu usiitoe kupiga picha uani bila kuuliza, kwa sababu mama na binti zake wako vichwa wazi hapo na hawatarajii kuonekana na mtu wasiyemjua.

Chakula kikiletwa kwa sinia, mtoto atakuja na birika na bakuli kukunawisha. Kula kwa mkono wa kulia, na kula upande ulio mbele yako. Hapa pana jambo moja ambalo viongozi wa makundi hawalisemi: vipande vya samaki vilivyopangwa juu ya wali kwa upande wa mgeni ndivyo vizuri kuliko vyote vilivyopikwa siku ile, na sinia likitoka kwenu huenda likarudi uani kwa watoto. Kwa hiyo usiukwangue wali mpaka bati lionekane, wala usiache chakula kama kilivyokuja ukamtia mama wasiwasi kwamba mchuzi haukukolea. Kula ushibe, bakisha, na umwambie waziwazi kwamba kimekupendeza.

Mkibahatika kufika katika msimu wa karafuu, jioni mtawakuta watu wa nyumba wamekaa kuzunguka rundo, wakizitenga karafuu na makonyo yake kwa kuzisugua katika kiganja. Kaa nao. Kiganja kitageuka rangi na harufu itakufuata mpaka Morogoro, lakini hakuna mazungumzo matamu kama ya kazi hiyo. Mchana karafuu zitakuwa zimeanikwa juu ya majamvi, pengine kando ya barabara. Usizikanyage, na mvua ikidondoka kila mtu hukimbia kuzianua, nawe kimbia. Usimwombe mwenyeji wako akuuzie gunia. Mnunuzi wa karafuu kwa mujibu wa sheria ni Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, na anayevusha karafuu kwa njia za panya hushitakiwa kwa magendo. Ukitaka ukumbusho, pakti ndogo ya dukani inatosha.

Zawadi peleka, na umpe mama siku ya kufika, si ya kuondoka. Ninyi mko karibu na mchele wa Kilombero. Kilo mbili au tatu pamoja na majani ya chai vitapokewa kwa furaha kuliko kikombe chenye picha ya simba. Na fedha, ndiyo, unaweza kutoa, baada ya kumwuliza kiongozi wenu kwanza ni kiasi gani katika mlichochangia kinafika katika nyumba. Ukiona ni kidogo, mpe mama ya kuongezea asubuhi ya kuagana, mkiwa peke yenu, kwa mkono wa kulia, na umwambie ni ya watoto. Usiziache chini ya mto. Atadhani umezisahau, na atamtuma mtoto akukimbilie nazo hadi bandarini.

Assalaam aleikum Bi Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watano na nakaa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwaka jana, siku za Mwaka Kogwa, kijana mmoja anayetembeza watalii aliniletea wageni wanne wa Ulaya kwa siku tatu. Niliwapisha chumba changu, mimi nikalala na watoto. Wageni walikuwa watu wazuri sana. Yule kijana aliniambia, "Mama, hawa wahesabu kama wanao." Fedha aliileta baada ya mwezi, na haikurudisha hata gharama za vyakula. Baadaye mmoja wa wageni alinitajia kiasi alicholipa kwa kulala kwangu, nikanyamaza kwa kuona aibu. Sasa kijana amerudi anataka tena. Mume wangu anasema tukatae, lakini kwetu sisi nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina raha. Nifanyeje?
Mama wa Makunduchi

Waaleikumu salaam, dada yangu. Kwa wasomaji wa mbali nieleze kwanza kwamba Mwaka Kogwa ni sherehe ya mwaka mpya inayonasibishwa na Washirazi, na hufanyika Makunduchi kila mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba wakatoa vinyongo vya mwaka mzima, wanawake huvaa nguo zao nzuri wakaimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na baada ya hapo kila nyumba hutaka iwe na mtu wa kumlisha. Basi naelewa kwa nini jibu la mume wako limekuuma, ingawa hakukosea.

Lakini mgeni wa Mwaka na mgeni wa kampuni ni watu wawili tofauti, na yule kijana amefaidika kwa kukuchanganyia. Mgeni wa Mwaka huja kwa miguu yake, akala, akashangilia, akaondoka, na baina yako na yeye hakuna aliyechukua kitu. Mgeni wa kampuni ameshalipa kabla hajapanda ndege. Amelipia chumba chako, wali wako, na hata ule uso wako wa furaha uliompokea mlangoni, na aliyezipokea fedha hizo ni mtu mwengine. Kukwambia uwahesabu kama wanao kulikuwa na kazi moja tu, nayo ni kukufunga mdomo usiulize bei. Wanao hawapigiwi hesabu. Hawa walipigiwa, tena kwa dola, isipokuwa hesabu yenyewe hukuonyeshwa.

Hebu tuipige sasa. Wageni wanne, milo miwili kwa siku, siku tatu, ni sahani 24, kabla hujahesabu chai ya asubuhi na maandazi yake. Tia hapo samaki wa bei ya sikukuu, nazi, mafuta ya kupikia, mkaa au gesi, sabuni ya kufulia mashuka, na maji, kwani wageni waliotoka kupigiwa vumbi uwanjani huoga mara mbili kwa siku na hawajazoea kuoga kwa kopo moja moja. Tia pia siku zako tatu ambazo hukwenda shamba wala pwani. Kaa na mumeo muandike vyote katika daftari kwa bei za sasa za dukani kwenu, mgawe kwa idadi ya wageni na usiku watakaolala, na hapo ndipo mtakapojua chini ya kiwango gani mnatoa sadaka. Kutoa sadaka ni jambo jema, lakini mtu huchagua mwenyewe wa kumpa.

Kijana usimkatae bado, wala usimkubalie. Mwite aje mchana, akae barazani na mume wako akiwepo, na mumweleze kwamba mwaka huu mtapokea wageni wawili, si wanne, na kwamba chumba chako mwenyewe hukitoi. Mwenyeji aliyelala sakafuni siku tatu huchoka, na uchovu wake mgeni huuona hata asipoijua sababu. Mwulizeni majina ya wageni, siku ya kuja na ya kuondoka, wanakula nini na hawali nini, na atalipa kiasi gani kwa kila mtu kwa kila usiku. Nusu ailete kabla ya wageni kufika, ili ununue vyakula kwa fedha yao badala ya yako, na nusu ya pili iwe mkononi mwako asubuhi ya kuagana, mabegi yakiwa bado ndani. Yaandikwe hayo katika karatasi mbili, atie saini nawe utie, na awepo shahidi. Karatasi hiyo haiupunguzi ukarimu wako hata kidogo. Mgeni akishaingia ndani utampokea kama ulivyowapokea wale wa mwaka jana, kwa moyo mweupe, kwa sababu hutakuwa na jambo la kunung'unikia kimoyomoyo wakati unampakulia.

Pia mwambieni atoe leseni yake muione. Sheria ya Utalii ya Zanzibar ya mwaka 2009 inaitaka biashara ya kutembeza watalii iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na papasi, yaani kijana wa barabarani anayejitafutia watalii, asiye na leseni akikuachia wageni na madeni hutakuwa na pa kumpeleka. Na wewe mwenyewe, ukiwa utalaza wageni wa kulipa mara kwa mara, nenda au mtume mumeo katika ofisi ya Kamisheni mkaulize nyumba yenu inatakiwa kusajiliwa vipi, kabla hajaja mtu kuwauliza ninyi. Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu, naye ajulishwe mapema, kwani kazi zake ni pamoja na kuwajua wanaolala katika shehia yake, na mgeni akipotelewa na pasipoti au akiugua usiku wa manane yeye ndiye wa kwanza utakayemgongea mlango. Kwa ugonjwa na ajali, wageni wa nje tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanatakiwa kuingia Zanzibar na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Mwombe kijana akuachie nakala ya vyeti vyao. Sisemi hivi kwa kuwatisha. Ila kila mwaka hupatikana mgeni anayetaka naye kuingia katika ugomvi wa migomba bila kujua kigogo hukingwa vipi.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Usijadiliane naye peke yako. Bila shaka wapo akina mama wengine hapo Makunduchi waliopelekewa wageni na kijana huyohuyo, na kila mmoja aliambiwa bei yake. Wanawake wa pwani yenu ya mashariki wanalijua hili tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980: anayekwenda kwa mnunuzi peke yake hupangiwa bei. Kutaneni hata watano, mwafikiane kiwango kimoja na zamu za kupokea, na mmoja wenu anayejua kusema awe msemaji. Kijana akiona uzito, mwambie kwa upole kwamba mwaka huu una wageni wako. Wala hutakuwa umesema uwongo, kwani siku ya Mwaka ukimwalika shoga yako wa mjini na watoto wake, nyumba itajaa na wali utaliwa.

Bi Mshauri, mimi ni kijana wa Chake Chake, naongoza makundi madogo ya wageni kutoka nje. Mara nyingine katika kundi huwamo mwanamume na mwanamke ambao ni wapenzi lakini hawakuoana, na wenyeji huniuliza. Nikisema ukweli watakataliwa. Nikisema ni mke na mume kila mtu analala kwa amani. Nifuate lipi?
Muongoza wageni, Pemba

Mwanangu, sema ukweli, tena useme kabla hawajafika Pemba. Wageni waambiwe tangu wanapoandikisha safari kwamba katika nyumba za watu wanawake watalala na wanawake na wanaume na wanaume, na wasioweza kutengana siku mbili walale katika nyumba ya wageni mjini Chake na waje kijijini mchana. Wengi hukubali bila kinyongo, kwani walichokifuata ni kuwaona watu. Ukimdanganya mzee wa nyumba, siku atakapojua, na atajua, kwa kuwa wageni wenyewe hawaoni sababu ya kuficha, wewe ndiye utakayekosa nyumba za kupeleka watu, nao watakuwa wamesharudi kwao. Pombe nayo isiingie ndani ya nyumba hata ikiwa chupa haijafunguliwa. Hilo usilifanyie mjadala.

Bi Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni baba wa familia wilaya ya Micheweni, Pemba. Mgeni mmoja aliyelala kwangu usiku mbili na kundi lake amekuwa akimtumia ujumbe binti yangu wa miaka 15, anamwita rafiki, amemtumia simu, na anaahidi kumlipia masomo. Mke wangu amefurahi. Mimi sina raha, lakini sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani.
Baba, Micheweni

Kaka yangu, roho yako imeona sawa. Huenda mgeni huyo ni mtu mwema kabisa, na mtu mwema hatachukia kuzungumza na baba wa mtoto. Anayetaka kumsaidia mtoto kusoma hana haja ya kuwasiliana naye usiku kwa simu aliyomnunulia yeye. Atawasiliana na wazazi wake na skuli yake, na ada au vitabu vitapita mikononi mwa mwalimu mkuu kwa risiti. Wala usimfokee binti yako, kwa sababu hakufanya kosa, na ukimfokea ujumbe mwengine utakaokuja atauficha. Kaa naye wewe na mama yake, musome pamoja yaliyoandikwa, na kama mna neno lolote la kuombana picha au siri, nenda moja kwa moja polisi ukiwa na simu hiyo kabla hakijafutwa kitu. Kiongozi wa kundi naye apewe taarifa, maana namba ya mtoto ilitolewa nyumbani kwako wakati yeye yupo, na huenda mgeni huyo ameshaandikishwa katika safari nyengine ya nyumba nyengine.

Kama hamna baya, mjibu wewe mwenyewe kwa maneno machache: "Ahsante kwa wema wako kwa mtoto wetu. Kuanzia leo mawasiliano yote yatakuwa na mimi, baba yake. Ukipenda kumsaidia masomo, nitakuunganisha na mwalimu mkuu wa skuli yake." Mwonyeshe mwalimu huyo ujumbe kabla hujautuma, na simu ikae kwako.